Barua Kutoka Bristol: Gego la Mpwa Wangu

Dada yangu mpenzi wa Faza,

Picha ya kinywa cha mpwa wangu imenifikia. Usishtuke. Meno mapya ya chini kuota nyuma ya yale ya utoto, yakawa safu mbili kama ya papa, ni kawaida kwa mtoto wa miaka sita au saba. Ya utoto yakishang'oka, ulimi huyasukuma mapya mbele taratibu. Ya utoto yakikataa kulegea, ndipo daktari huyatoa. Na ule mwanya wa juu aliourithi kwa bibi, uacheni. Wazee wetu waliuhesabu uzuri, tena mara nyingi hupungua chonge zikiota.

Linalonikosesha usingizi ni lile gego lililotoboka, mnalotaka kuling'oa kwa kuwa "ni la utoto tu". Gego hilo halipo kwa kutafuna peke yake; linamshikia nafasi mwenziwe atakayekuja mtoto akifika miaka 10 hadi 12. Mkiling'oa leo, gego kubwa la nyuma yake, linaloota akiwa na miaka sita hivi, litasogea mbele na kuila nafasi hiyo. Jino lijalo litakosa pa kutokea, lipinde au libaki ndani ya ufizi. Hapo ndipo mtaanza kuulizia vyuma vya kunyoosha meno.

Na vyuma, dada, hata huku havigawiwi ovyo. NHS, huduma ya afya ya umma ya huku, huwapa bure walio chini ya miaka 18, ila kwanza kinywa hupimwa kwa kijirula na kupangwa katika madaraja matano. Meno ya juu yakiyatangulia ya chini kwa zaidi ya milimita 6, mtoto yuko angalau daraja la 4, atapewa. Wa daraja la 1 na la 2, wazazi watoe pesa zao. Nauona utaratibu wa haki: kupinda kidogo si ugonjwa.

Msidhani huku ni raha tupu. Februari 2024 kliniki ya meno ilipofunguliwa tena mtaa wa St Pauls, hapa Bristol, watu kwa mamia walipanga foleni barabarani hata polisi wakaja. Sisi tuna foleni, nyinyi mna bahari.

Basi usikimbilie Mombasa. Maji yakijaa pandeni boti mpaka Amu, muanzie hospitali ya King Fahd. Uliza kwanza: gego hili linazibika? Likizibika, lizibwe. Ikibidi kung'olewa, uliza kama atawekewa kishika nafasi, na kama hapo hakipatikani, ndipo Mombasa. Gharama niandikie, nitatuma. Lakini nendeni wiki hii, kabla halijamuuma.

Kaka yako