Dakika Moja ya Mtoto

Leo nataka kukusimulia kosa langu, ili lisije likawa lako.

Mwaka jana nilitoka Musoma kwenda Bunda kumjulia hali mdogo wangu. Nilimkuta mwanawe wa miezi 8 akikohoa kwa siku ya pili. "Dada, wewe ni nesi, hebu mwangalie," aliniambia. Nilimfunua kifua, nikatoa simu ili inipimie dakika moja, nikaanza kuhesabu pumzi. Nilipofika 28, simu ikaita. Alikuwa mweka hazina wa kwaya yetu, akiulizia michango ya sare. Tukazungumza. Nilipomaliza, mtoto alikuwa amelala, nami nikasema, "Ni mafua tu."

Saa saba usiku mdogo wangu aliniamsha. Mtoto alikuwa akihema kwa shida na amekataa kunyonya. Safari hii niliiweka simu mbali, nikatazama mshale wa sekunde wa saa ya ukutani. Pumzi 58! Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka mno. Kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5, ni 40 au zaidi. Anayekohoa na kuhema hivyo huenda ana nimonia, wala hapaswi kungoja. Tulimkimbiza hospitali usiku ule ule. Kwa neema ya Mungu alitibiwa, akapona.

Kilichoniuma ni kwamba kabatini kwangu Musoma nilikuwa na kile kisaa kidogo tunachokiita taima, ambacho UNICEF imekisambaza kwa wahudumu wa afya tangu miaka ya 1990. Hakipigi simu, hakitumi pesa, hakileti picha. Ukibonyeza kitufe, kinagonga kila sekunde, na dakika ikitimia kinalia. Basi. Nilikiona cha kizamani, kwa kuwa simu yangu inafanya yote. Kumbe kinachofanya yote huitwa na wote.

Siichukii simu, ndiyo iliyotuitia gari usiku ule. Lakini sasa taima haitoki mkobani mwangu. Mwezi uliopita tulipowatembelea akina mama wa Butiama, niliwafundisha: mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi, tazama kifua au tumbo likipanda, hesabu dakika nzima. Asiye na taima atumie saa yoyote yenye mshale wa sekunde. Lakini mtoto akishindwa kunyonya, akipata degedege, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, usikae kuhesabu. Mpeleke hospitali mara moja.

Tunapomsoma Martha katika Luka 10, hudhani ni habari za jikoni tu. Mimi nilimkuta Bunda, ameshika simu. Mama, mwanao akikohoa usiku wa leo, mpe dakika moja ambayo si ya mtu mwingine.