Tulilima Kahawa Bila Kujua Ladha Yake



Juma hili tunawaletea habari ya kahawa. Si ile ya kopo inayotoka mbali, ni hii yetu ya huku kando ya Ziwa Kivu. Tulizaliwa ndani yake. Tukiwa watoto tuliichuma, tuliiosha, tuliianika, tuliibeba kichwani. Wengine kati yetu ni wajane kwa sababu yake, maana waume zao walivusha mifuko usiku kwa mtumbwi kwenda Rwanda kutafuta bei nzuri, na ziwa halikuwarudisha. Lakini kuinywa, hapana. Asubuhi sisi tulikunywa chai.

Msimu mmoja mnunuzi alikuja, akanusa mifuko yetu, akasema kahawa hii ina ladha mbaya. Akashusha bei ya yote. Tulitazamana. Hakuna aliyeweza kumjibu ndiyo wala hapana. Ni mama gani anayeuza sombe ambayo hajaionja? Siku ile tuliamua kuonja.

Siku ya Posho tulikusanyika kwa mwenzetu mmoja. Tulitwanga polepole kutoa ganda, tukapepeta, tukakaanga juu ya mbabula tukikoroga bila kuacha mpaka punje zikalia pa! pa! na kugeuka rangi. Kisha tukazitwanga ndani ya kinu cha sombe mpaka zikawa unga laini kama wa muhogo, tukachemsha muda mrefu. Tulikunywa matope machungu yenye harufu ya kitunguu. Tukasema: kumbe mnunuzi alisema kweli.

Koko mmoja wa kikundi, aliyepika miaka mingi katika nyumba za watu kule Bukavu, alicheka. "Wanangu, msilaumu punje kwa kosa la kinu."

Alitufundisha jambo moja, na mengine yote yanatoka humo. Unga laini hutoa upesi kila kitu kilicho ndani yake, utamu pamoja na uchungu. Vipande vikubwa hutoa polepole. Kwa hiyo, maji yakikaa muda mrefu na kahawa, twanga vipande vikubwa. Maji yakipita haraka, twanga laini zaidi.

Kwa sufuria: twanga vipande vikubwa kama chumvi ya mawe. Maji yakichemka, epua, tia kahawa, koroga, funika dakika 4 au 5. Vipande vitazama chini, nawe umimine taratibu.

Kwa kile chombo cha kioo chenye kisukumio: vipande vikubwa vilevile, dakika 4, kisha sukuma. Ukitia unga laini, utapita kwenye wavu na kujaa kikombeni.

Kwa chujio la kitambaa au la karatasi: saga wastani, kama sukari. Maji yakipita mbio na kahawa ikawa nyepesi yenye uchachu, saga laini kidogo. Yakikwama na kutoka machungu, ongeza ukubwa.

Kwa kibirika cha chuma cha Waitalia, ambacho maji hupanda kutoka chini: saga laini kama chumvi ya mezani, lakini isiwe vumbi. Usiishindilie.

Kipimo ni vijiko vikubwa 2 visivyofurika kwa kikombe kimoja. Saga ile ya kunywa leo tu, kwa sababu iliyosagwa hupoteza harufu upesi, na punje nzima hukaa vizuri zaidi ndani ya chombo kilichofungwa. Kinu cha kahawa kiwe cha kahawa peke yake. Asiye na mashine ya mkono atwange kidogo kidogo, achekeche, na vipande vilivyobaki juu virudi kinuni. Mama mwenye mimba asizidishe, na watoto wadogo tusiwape.

Baada ya hayo tulionja upya. Tulichukua punje za kila mfuko, tukazikaanga sawa, tukazitwanga sawa, kwa kipimo kimoja. Mifuko mingi ilikuwa mizuri, yenye uchachu mwembamba kama wa chungwa. Miwili ilikuwa na ladha ya udongo na uvundo. Tuliulizana, na wenye mifuko hiyo walikubali: walikuwa wameanika chini, uani. Wengine walianika juu ya meza za matete. Basi mnunuzi alisema kweli juu ya mifuko miwili, lakini alitukata bei ya yote.

Msimu uliofuata kila mmoja alijenga meza. Mnunuzi aliporudi, maji yalikuwa tayari motoni kabla ya mzani kutolewa. Alikunywa, nasi tulikunywa pamoja naye, kisha tukaanza kuzungumza bei. Hakutupa yote tuliyoomba. Lakini mara hii tulikuwa na neno la kujibu.

Ninyi wa vikundi vingine vinavyolima, onjeni kabla ya kuuza. Mkipenda, njoni siku ya Posho na punje kidogo za kila mfuko. Kinu kipo, na mbabula itakuwa imewaka.