Magimbi, Majivu na Zamu ya Usiku

Jumatano, 5 Machi 2025

Leo ni Jumatano ya Majivu, na Ramadhani nayo imeshaanza. Mama karudi kutoka misa ya asubuhi na majivu kwenye paji la uso, akamkuta kaka yangu keshakula daku na kurudi kulala. Nyumba yetu ya Magomeni ndivyo ilivyo tangu wazazi wangu waoane bomani: Mama Mkatoliki wa Kilema, Baba Mwislamu wa Bagamoyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliwawezesha kuoana bila mmoja kusilimu wala mwingine kubatizwa.

Baba alipokuwepo, hakuna aliyenishurutisha niseme mimi ni nani. Tangu tumzike, kila anayekuja kutoa pole analo swali. Mjomba anasema nimebatizwa, basi hakuna cha kuzungumza. Baba mdogo anasema mtoto ni wa baba, nirudi kwetu. Serikali ilikoma kuuliza dini katika sensa baada ya ile ya mwaka 1967, na nchi haijapungukiwa kitu. Lakini ndugu hawatafuti takwimu. Wanataka kujua nikifa nitazikwa na nani.

Ijumaa, 21 Machi

Mama kapika futari kama zamani: magimbi ya nazi, kunde, uji wa pilipili manga. Samaki badala ya nyama, kwa kuwa Ijumaa za Kwaresima hali nyama. Miaka yote ya ndoa yao yeye ndiye aliyeonja chumvi, maana waliofunga walijizuia. Leo kamimina mchuzi kiganjani, kaulamba, katulia kidogo, kisha kaongeza chumvi kufikia pale alipopenda Baba, ambaye hayupo tena kula. Adhana ilipolia kaka akafungulia tende, Mama akafanya ishara ya msalaba, tukala.

Siwapendi wanaosema dini zote ni moja. Si moja. Mama anaamini Kristo ni Mungu. Baba aliamini Nabii Isa ni mjumbe wa Mungu, na katika hilo hakulegeza hata siku moja. Nimewasikia wakibishana hadi usiku wa manane. Alfajiri Mama alikuwa ameshampashia maji ya kutawadha. Mapenzi yao hayakungoja kwanza wakubaliane, na mimi nimelelewa humo. Anayenitaka nichague upande mmoja niutupe wa pili ananitaka nimtupe mzazi.

Jumatatu, 21 Aprili

Papa Francis amefariki asubuhi hii, Jumatatu ya Pasaka. Wa kwanza kunipigia simu ya pole ni kaka, akaomba azungumze na Mama pia.

Nimekuwa nikiwaza ile Alhamisi Kuu ya mwaka 2016, alipopiga magoti mbele ya wakimbizi huko Italia akawaosha miguu: Wakatoliki, Wakristo wa Kikopti, Waislamu na Mhindu. Miaka mitatu baadaye, Februari 2019, yeye na Imamu Mkuu wa Al-Azhar, Ahmad al-Tayyeb, walitia saini kule Abu Dhabi hati ya udugu wa kibinadamu. Hati ni jambo jema, lakini mimi nimeguswa zaidi na beseni. Mtu akikushika kisigino kilichopasuka, akakifuta kwa taulo taratibu, hana haja ya kukueleza anakuonaje.

Jumatatu, 12 Mei

Vesak. Nimekwenda kwenye hekalu la Wabudha, Upanga, lililoanzishwa na Wasinhala waliohamia huku zamani. Mtawa alituketisha akatufundisha tafakuri wanayoiita metta. Unaanza kwa kujitakia mema wewe mwenyewe: niwe salama, nipate utulivu. Halafu unamtakia umpendaye, halafu mtu usiyemjua vizuri, halafu yule anayekukera, mwisho viumbe vyote.

Kwa umpendaye nilimweka Mama. Kwa nisiyemjua nilimweka mlinzi wa getini kazini, nikagundua sijui hata anaishi wapi. Kwa anayenikera nikamweka baba mdogo. Hapo kifua kilinibana. Nilijaribu kumtakia amani, nikamwona kaburini kwa kaka yake, mkono unatetemeka, anatafuta pa kushika. Anaogopa kumpoteza Baba mara ya pili kupitia kwangu. Hilo sikuwa nimeliona.

Sitakuwa Mbudha. Mafundisho yao hayamweki Mungu Muumba pale mimi ninapomwita kila siku. Ila wamenipa njia ya kufanya kwa zoezi kile ambacho Mama na Baba walikifanya kwa mazoea, na nawashukuru kwa moyo wote.

Jumapili, 25 Mei

Usiku wa kuamkia leo tumepoteza mgonjwa wodini, mzee wa Kiislamu, ndugu zake bado wako njiani kutoka mkoani. Muuguzi mwenzangu alisimama asijue la kufanya. Mimi nilijua. Tulikigeuza kitanda aelekee kibla, nikamwita yule mlinzi wa getini, ambaye ni Mwislamu, akaja kumlakinia shahada sikioni kwa sauti ya chini hadi pumzi ilipokatika. Wiki iliyopita, kitanda cha jirani, nilimwita padre kwa mpako wa wagonjwa kabla ya familia kukumbuka kuomba.

Haya sikufundishwa chuo. Nimeyajua kwa kulelewa na wale wawili. Watu wa imani zote wanakata roho mikononi mwetu, na wanahitaji mtu mmoja wodini anayejua kila mmoja anasindikizwaje. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nimempigia baba mdogo nikamwambia hivyo, wala sikumwomba akubali. Akauliza jina la marehemu ili amsomee Fatiha.

Namba ya paroko na ya imamu nimezibandika ukutani, chumba cha wauguzi. Ya kuhani wa Kihindu bado sina; kesho nitapita Kisutu kwenye mahekalu kuiomba.