Safu Isiyoonekana: Kuwapima Wakimbiaji wa Karatu

Zinapomalizika mbio za Ngorongoro, zile zinazoanzia upande wa lango la Lodoare na kuteremka hadi mjini Karatu, huzuka swali moja ambalo halikosi wa kuliuliza wala wa kulijibu. Je, vijana wa safari hii wameimarika kuliko waliowatangulia? Jawabu hutolewa papo hapo, hata jasho la mshindi halijakauka. Huyu husema wameimarika, kwani aliyetangulia amefika mapema. Yule hukataa, kwani zama za Filbert Bayi hazijarudi. Wote wawili wamekitazama kichwa cha msafara, na hakuna aliyegeuka kuutazama mkia wake.

Swali lenyewe si dogo kama linavyosikika. Karatu na nchi jirani ya Mbulu ni ardhi iliyowazaa wakimbiaji kama pwani ilivyowazaa mabaharia. Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho kati ya 57 waliofika, na mguu wake umefungwa bendeji, ni mtu wa Mbulu. Nchi yenye majina kama hayo hupenda kujipima, na aghalabu hujipima kwa kipimo kibovu, ama cha kujisifu kupita kiasi, ama cha kujililia pasipo sababu.

Na tuanze na njia. Mji wa Karatu uko meta 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na lango la Lodoare liko juu zaidi, palipo na msitu wa ukingo wa kreta. Maana yake ni kwamba mkimbiaji anayetoka huko anateremka. Msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa zaidi. Ngalawa ikisukumwa na kusi ikafika kabla ya wakati wake, nahodha mwenye haya haisifu tanga yake wala mikono yake. Kwanza huutaja upepo. Vivyo hivyo kwa mteremko. Ardhi imemsukuma kijana huyu mgongoni, na saa iliyoshikwa mwishoni mwa njia haijui kutenganisha nguvu ya miguu yake na nguvu ya kilima.

Wanaoiongoza riadha duniani wameliona jambo hili na kuliwekea sheria. Rekodi ya mbio za barabarani haikubaliki iwapo njia imeshuka zaidi ya meta 1 kwa kila kilometa, wala iwapo mahali pa kuanzia na pa kumalizia pameachana kwa zaidi ya nusu ya urefu wa mbio. Kwa nusu marathoni, mshuko unaoruhusiwa haufiki hata meta 22. Barabara ya kutoka Lodoare huuvuka mpaka huo mara kadhaa. Mwaka 2011 Geoffrey Mutai wa Kenya alikimbia marathoni ya Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2, kasi ambayo hapakuwa na binadamu aliyewahi kuifikia katika masafa hayo, lakini haikuandikwa kuwa rekodi ya dunia, kwa sababu njia ya Boston inashuka na tena inakwenda upande mmoja. Hakunyang'anywa ushindi wake. Ilisemwa tu kwamba saa yake haiwezi kulinganishwa na saa za njia nyingine. Huo ndio uungwana wa kipimo: kukiri kwamba kina mahali kinapofaa na mahali kisipofaa.

Basi na tuiache barabara, twende kwenye uwanja ulio tambarare. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Bayi alishika uongozi wa mbio za meta 1,500 tangu mwanzo, akakataa kuuachia, na akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Rekodi ya dunia ya Jim Ryun wa Marekani, iliyokuwa imesimama tangu mwaka 1967, ikavunjika. John Walker, mwenyeji, aliyekuwa nyuma yake, naye alifika kwa kasi iliyoipita rekodi hiyo ya zamani. Rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola aliyoiweka Bayi siku ile ilidumu kwa miaka 48, hadi Birmingham mwaka 2022. Na nyumbani Tanzania, zaidi ya nusu karne baadaye, hajapatikana wa kuivunja.

Hapa wale wa kujililia hudhani wameshinda hoja. Ikiwa kijana wa mwaka 1974, mwenye viatu vya zama zake, hajafikiwa na yeyote, kuna haja gani ya kuuliza? Lakini Bayi alikuwa mmoja. Nyota inayong'aa haionyeshi idadi ya nyota zilizo nyuma ya wingu. Yumkini mwaka ule ule walikuwako kumi waliomkaribia, na yumkini hakuwako hata mmoja. Rekodi yake haisemi hili wala lile. Rekodi ni taarifa ya mtu na siku. Safu ni habari ya watu na miaka.

Wale wa kujisifu nao wana ushahidi wao. Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, na njia ile haikupata mwenye kasi zaidi yake hadi mwaka 2001. Desemba 2022, mjini Valencia, Gabriel Geay alikimbia kwa saa 2 na dakika 3 kamili, akashika nafasi ya pili na kuweka rekodi ya taifa. Dakika 5 zimepunguzwa. Je, si maendeleo? Ni maendeleo, ila msomaji asisahau kuitazama miguu. Tangu mwaka 2017 zimeenea raba zenye soli nene na bamba la kaboni ndani yake, hata ikabidi mwaka 2020 unene wa soli uwekewe mpaka wa milimeta 40. Tena, njia ya New York ina madaraja na vilima, na ya Valencia ni tambarare kama mkeka. Katika dakika zile 5, zipo za mtu, zipo za kiatu, na zipo za barabara, na hakuna mwenye ungo wa kuzipepeta zikaachana kabisa.

Kisha likaja la mwaka 2025. Tarehe 15 Septemba, katika mashindano ya dunia ya Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, aliipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya dunia katika riadha, akimshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03 baada ya kilometa 42. Saa yake ilikuwa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kwa mwenye kuhesabu saa peke yake, Simbu wa 2025 alikuwa mzito kuliko Ikangaa wa 1989. Nani mwenye akili timamu atakayesema hivyo? Alikimbia katika joto, dhidi ya watu waliokuwa wakiviziana, na kazi aliyopewa ilikuwa kuwatangulia wenzake, si kuitangulia saa.

Saa, kwa hiyo, hupotosha; nafasi nayo hupotosha. Mwaka 1976 Walker alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya Montreal katika meta 1,500, na Bayi hakuwako, kwa kuwa Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia michezo ile kutokana na ziara ya timu ya ragbi ya New Zealand nchini Afrika Kusini. Anayesoma orodha ya washindi pasi na kujua habari hiyo atadhani kwamba mkimbiaji wa Karatu alififia. Hakufifia, alizuiwa na jambo kubwa kuliko mbio.

Kwa kutafuta kipimo kilicho bora, inafaa kuangalia mchezo ulio mbali kabisa na Karatu, mpira wa Kimarekani unaopendwa mno katika vyuo vikuu vya nchi ile. Huko, mbele ya mrushaji wa mpira, husimama safu ya watu watano wenye miili mikubwa ambao kazi yao ni kuzuia. Hawafungi, na kwa kawaida hawaushiki mpira. Mrushaji akipata nafasi ya kurusha, sifa ni zake. Mkimbiaji akipenya, sifa ni zake. Lakini akiangushwa yeyote, lawama huirudia safu. Kila mwanzo wa msimu watu huuliza iwapo safu hiyo imeimarika, na huhesabu ni mara ngapi mrushaji wao ameangushwa. Hesabu hiyo ina walakini, kwa maana huenda hakuangushwa kwa sababu amejifunza kurusha haraka, au kwa sababu wapinzani walikuwa dhaifu. Mjuzi huacha kuufuata mpira kwa macho. Huwatazama wale watano, na zaidi humtazama aliye dhaifu kati yao, kwani ukuta hupimwa palipo na ufa. Wahenga wa pwani walikwisha kulisema kwa maneno machache: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Riadha ina mchezo unaoifuata hekima hiyo waziwazi, nao ni mbio za nyika. Katika mashindano ya dunia, ushindi wa timu hupatikana kwa kujumlisha nafasi walizoshika wanne wake wa kwanza, na yenye jumla ndogo ndiyo bingwa. Timu yenye mshindi wa kwanza na wenzake watatu waliozagaa nyuma hushindwa na timu isiyokuwa na nyota, ambayo watu wake wamefika bega kwa bega. Huyo wa nne, ambaye jina lake halitangazwi, ndiye aliyeubeba au aliyeuangusha mzigo wa wote. Anayetaka kujua kama Karatu imeimarika na amuulize huyo: umefika lini baada ya wa kwanza, na mwaka jana aliyekuwa mahali pako alifika lini?

Msomaji na amwazie mwalimu wa shule huko nyanda za juu, asiye na jina, anayewaandaa vijana kwa michezo ya shule za sekondari, UMISSETA. Mkononi ana saa ya kupimia na daftari. Akiwa mwenye busara, hatawapima kwenye mteremko. Atawapandisha kilima, kilima kile kile, mwezi ule ule, asubuhi kabla upepo haujaamka. Ataandika saa ya wa kwanza, lakini wino mwingi ataumwaga kwa wa nne, wa tano na wa sita. Ataandika nani amevaa raba na nani yu miguu mitupu, nani alikuja na njaa, nani amerefuka mwaka huu hata miguu yake ikawa mgeni kwake. Baada ya miaka mitatu daftari hilo litamwambia jambo ambalo hakuna medali iwezayo kumwambia.

Si udadisi wa bure. Nauli ni ya wachache, na anayebaki hubaki. Binti wa kidato cha pili aliyeambiwa kwamba hajaimarika, kwa sababu tu saa yake ya mwaka huu ilipimwa kwenye matope na ya mwaka jana kwenye ukavu, atarudi kwenye kuni na maji, na pengine hataulizwa tena. Na mvulana aliyesifiwa kwa saa ya mteremko huweza kuacha shule, afuate fedha za mashindano akiwa na mifupa ambayo haijakomaa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo huo huwa ni goti lililoharibika akiwa na miaka ishirini, pasipo cheti wala medali. Hukumu mbovu ya mtu mzima hulipwa na mwili wa mtoto.

Wapenzi wa ushairi hawatakuwa wageni wa somo hili. Utungo hautoshi kwa kutimiza mizani, wala haushuki thamani kwa kukosa ubeti mmoja wa kushangaza. Mshairi chipukizi hujulikana kuwa amekua si kwa kibwagizo chake, ambacho huenda kilimjia kwa bahati, bali kwa mishororo ya kati, ile ambayo hakuna anayeiimba peke yake. Ikiwa hiyo imekaza, mtu amejifunza.

Basi jawabu la swali la Karatu, kwa kadiri ushahidi unavyoruhusu, lina pande mbili. Barabarani, katika masafa marefu, Tanzania imepata watu ambao dunia inalazimika kuwahesabu, na hao hawakuota jangwani. Uwanjani, saa ya mwaka 1974 ingali inangoja, na medali mbili za fedha za Moscow za mwaka 1980, ya Bayi katika meta 3,000 kuruka viunzi na maji na ya Suleiman Nyambui katika meta 5,000, hadi kumalizika kwa michezo ya Paris ya 2024 zilikuwa bado medali pekee za Olimpiki za nchi hii. Anayezitaja dhahabu akaficha pengo hili hamsaidii kijana. Wala hamsaidii anayelitaja pengo akaificha dhahabu.

Lililobaki limo katika madaftari yaliyoandikwa na yale ambayo hayajaandikwa. Siku nyingine mshindi atakapoingia mjini na watu wakamzunguka, afadhali awepo hata mmoja atakayebaki ukingoni mwa barabara, uso ukiwa umeelekea Ngorongoro, akihesabu: wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano.