Kyaka, ambako babu alisubiri barua

Basi lilitushusha Kyaka saa tano asubuhi, mimi na babu yangu mwenye miaka 72 na magoti yasiyomtii. Nilikuwa nimepangiwa kazi Bukoba ya kuandika habari za chanjo. Babu aliposikia akapiga simu kutoka Dodoma: "Mke wangu, na mimi nakuja." Akapanda basi siku hiyohiyo, hakueleza kwa nini.

Kyaka ya leo ni mji wa njiani. Malori yanapita darajani kwenda Mutukula mpakani, mikungu ya ndizi imepangwa kando ya lami, vijana wa bodaboda wanagombea abiria. Juu kilimani yamebaki magofu ya kanisa lililobomolewa na mabomu, na wanafunzi wanapita hapo bila kugeuza shingo.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakateka eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera. Daraja la hapa likalipuliwa. Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa vita, na pamoja na wanajeshi wakaitwa mgambo kutoka vijijini. Babu alikuwa mmoja wao, mkulima wa mtama mwenye miaka 27, mke na mtoto mmoja.

Kikosi chao kilifika Desemba, jeshi letu likiwa limeshavuka mto. Walipiga kambi migombani, kwenye mashamba ambayo wenyewe walikuwa wamekimbia. Kazi yao ilikuwa kubeba risasi, kuchimba mahandaki na kusubiri. Usiku moto ulikatazwa, na aliyewasha sigara alijifunika blanketi kichwani. Mvua ikinyesha handaki linajaa, mnalala mmekaa, asubuhi ngozi ya miguu inachubuka ukivua buti.

Nilimuuliza kuhusu choo, maana ndiyo kazi yangu. Alicheka hadi akakohoa. "Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza hilo!" Choo kilikuwa mtaro mbali na mto, na mkubwa wao alimpa adhabu kali kijana aliyekamatwa akijisaidia karibu na maji. Kuharisha kuliwalaza wengi kabla hawajamwona adui.

Ulikuwa pia msimu wa senene. Wenzao Wahaya waliwakaanga mchana kwenye mfuniko wa kopo. Babu, Mgogo aliyezoea mlenda na ugali wa uwele, alikataa siku mbili. Ya tatu akala. (Juzi stendi ya Bukoba alinunua pakiti mbili na hakunionjesha.)

Tulipofika ukingoni akakaa kwenye jiwe, akaniambia jambo ambalo hata baba yangu hakuwahi kulisikia.

Asubuhi lori lilipokuja kuwachukua kijijini, baba alikuwa na homa ya siku tatu. Alikuwa na miaka minne. Bibi alikuwa amembeba mgongoni kwenda zahanati, mwendo wa saa nzima, kwa hiyo hawakuagana. Babu alipanda lori akiwaona kwa mbali, kanga ya bibi na mguu mmoja wa mtoto ukining'inia.

Kutoka hapa Kyaka aliandika barua tatu. Hakupata jibu. Wenzake walipata. Mmoja, mtu wa Songea, alipokea barua ya mkewe akaisomea kambi nzima kila jioni, hadi karatasi ikakatika kwenye mikunjo. Waliijua kwa moyo, habari za mbuzi aliyezaa mapacha na deni la mwenye duka.

"Wewe ukiwa na mtoto mgonjwa leo unapiga simu," babu aliniambia. "Mimi nilikuwa namhesabia siku. Leo ya arobaini, kama alikufa wameshamaliza msiba."

Wakati ule zahanati ilikuwa na klorokwini, dawa ambayo Tanzania iliiacha kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Leo mtoto mwenye homa hupimwa kwa tone la damu, majibu hutoka kabla mama hajachoka kukaa, na akikutwa na malaria anapewa dawa mseto. Niliyasema haya kwa haraka, kama ninavyoyaandika kila wiki. Babu alitikisa kichwa tu.

Januari 1979 waliambiwa kesho ni Mutukula. Kila mtu akapewa karatasi aandike nyumbani. Babu aliishika hadi giza likaingia. "Nimsalimu mtoto? Na kama amezikwa, mama yake atasoma nini?" Mwishowe aliandika mistari miwili: mbegu ya mtama iko kwenye chungu chenye ufa, nyuma ya kihenge, mvua zikichelewa asiipande yote.

Jibu lilimkuta Masaka, ndani ya Uganda, kwa mwandiko wa mwalimu wa kijiji. Mtoto mzima, anakula. Mbegu tumeipanda nusu.

Mtu wa Songea hakuisikia barua hiyo. Kesho yake tulikwenda Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya askari waliokufa katika vita ile. Babu alipita safu moja baada ya nyingine bila kukubali nimshike mkono, akalikuta jina. Alisimama pale muda mrefu kuliko magoti yake yanavyoruhusu.

Lakini siku ile ya Kyaka, kabla hatujaondoka ukingoni, aliniomba simu. Nyumbani kwetu tunajua, kila siku lazima ampigie baba, na swali ni lilelile. Baba anakaribia miaka hamsini na huwa linamkera.

"Umeamkaje mwanangu? Umekula?"

"Baba, niko kwenye kikao."

"Nimeuliza umekula?"

"Nimekula, baba."

Babu akanirudishia simu, tukapanda kwenda stendi.