Nani Atamkabili Nani?

Katika futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai, kila timu huwa na kikosi cha kushambulia na kingine cha kulinda. Hawa wakiingia, wale hutoka. Ndiyo maana ulinganishi uliotangulia fainali ya vyuo vikuu mjini Pasadena, tarehe 4 Januari 2006, hunikera hadi leo. Chuo Kikuu cha Southern California (USC) kilikuwa kimeshinda michezo 34 mfululizo, Texas, 19. Wachambuzi wengi wakashikilia kumpima Reggie Bush wa USC, mshindi wa tuzo ya Heisman ya 2005 (aliyoiachilia mwaka 2010, akarejeshewa 2024), na Vince Young wa Texas, aliyeshika nafasi ya pili. Lakini wote wawili walikuwa washambulizi! Wangekabiliana wapi? Swali lililostahili ni hili: walinzi wa USC watamzuiaje Young, mrushaji mpira ambaye pia ni mkimbiaji hodari?

Hawakumzuia. Alikimbia yadi 200, akarusha 267, na zikiwa zimesalia sekunde 19 akaupenyeza mpira yeye mwenyewe hadi ng'ambo ya mstari. Texas 41, USC 38.