Diski R

Jumatatu, 6 Mei 2024
Kipande cha RAM kimefika na basi la Mpanda, kimeviringishwa kwenye gazeti kama kipande cha sabuni. DDR3 ya GB 8, kimetolewa kwenye mashine iliyokufa. Kukichomeka tu, kompyuta ikalia pii, pii, skrini giza. Nikakichomoa, nikasugua meno yake kwa raba ya penseli hadi yakang'aa, nikakirudisha na kukandamiza mpaka vishikizo vikalia ka! Sasa ninazo GB 16, na kazi za steshenari hii hazijawahi kula hata 6.

Jumanne, 7 Mei
Zinazokaa bure nimezifanya diski. Programu ya ImDisk imekata GB 4 humo ndani ya RAM, Windows inaiona kama diski nyingine yoyote, nimeiita R. Picha za pasipoti za wanafunzi zinafunguka kabla sijainua kidole kwenye kipanya. Kwa hesabu ya karatasi, DDR3-1600 hupitisha MB 12,800 kwa sekunde. Hadidiski yangu ya mtumba, inayozunguka kama santuri, ikifika 100 imejitahidi.

Wala si wazo langu. Mwaka 2005 Gigabyte walitoa i-RAM, kadi ya kuchomekea vipande vinne vya RAM, jumla GB 4, vikatumika kama diski. Wakaweka na betri ya kushikilia data kwa saa kama 16 mashine ikikosa umeme. Hapo kwenye betri nilisoma haraka haraka.

Alhamisi, 9 Mei
Saa nane mchana umeme ukakatika. Nilikuwa jina la 131 katika orodha ya kikundi cha wakulima wa mpunga, na nilihifadhi kila baada ya dakika chache, kwa nidhamu kabisa, ndani ya R. Uliporudi, nayo R ikarudi, tupu.

Chaji za RAM huvuja. Hujazwa upya kila milisekunde 64, kama ndoo iliyotoboka na mtu kasimama na kata. Umeme ndio huyo mtu. Haya yote nilikuwa nayajua.

Katibu wao alikuwa kwenye benchi, anasubiri.
“Mzee, samahani. Majina yamepotea.”
“Yamepotea wapi, mwanangu, na daftari ninalo mimi?”

Jumamosi, 11 Mei
Orodha imekwisha, watu 214, safari hii kwenye hadidiski na kelele zake. Mzee alisoma, mimi nikachapa. Sikumtoza ya mara ya pili. Alitaka kulipa, nikakataa kwa aibu.

R sijaifuta, ni tamu mno. Humo nimeacha mafaili ya muda ya Photoshop na takataka za kivinjari, vitu ambavyo vikifa hakuna wa kuvililia. Betri mpya ya UPS nimeagiza, itakuja na basi. Pembeni ya skrini nimebandika plasta: R – USIWEKE KAZI YA MTU.